Mlango Wenye Duara

Tarehe 3 Agosti

Mkunga wangu,

Siku ile unapanda basi uliniwekea sharti, nami nimelitii kwa miezi ishirini na miwili: hakuna mazungumzo marefu ya simu. "Kwenye simu unanikatiza kabla sijafika katikati ya sentensi," ulisema. "Kwenye karatasi itabidi unisubiri nimalize." Nilibisha, ukacheka, mlango wa basi ukafungwa. Tangu hapo nimejifunza kusubiri, somo ambalo chuo kikuu hakikunifundisha kwa miaka minne.

Habari kubwa ni kwamba nimepata kazi isiyo na mshahara. Unamkumbuka Mwalimu, aliyetufundisha hesabu sote wawili na kutuchapa sote wawili? Amestaafu, na sasa anagombea udiwani wa kata yetu. Alinikuta kwa kinyozi nikieleza kwa nini watu wa miji mikubwa huchagua viongozi wasiowajua. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Hoja, mdomo huo unaozea hapa bure. Njoo ukabishe hodi nao."

Basi nabisha hodi. Nimepewa majengo matatu, likiwemo letu: milango mia moja na kumi na miwili. Kila mlango una mstari wake katika daftari, na utaratibu ni wa Mwalimu, mkali kama hesabu zake. Kwanza unasalimu. Pili unauliza swali moja tu: "Ni jambo gani linalokukera zaidi?" Tatu unanyamaza. Ukitoka unaweka alama: vema kwa aliye wetu, msalaba kwa aliye wa upande wa pili, duara kwa ambaye hajaamua. Mlango wenye duara lazima urudiwe, na arudi mtu yuleyule, kwa miguu yake. Hatumi mwenzake wala hapigi simu.

La kwanza na la pili nayaweza. La tatu linanishinda.

Yanayowakera watu unayajua, kwa kuwa ulikulia humu. Maji taka yanafurika ghorofa ya chini, maji safi yanaishia ghorofa ya pili. Lifti ilikufa wiki mbili baada ya wewe kuondoka. Mama yangu anasema ilikufa kwa majonzi.

Mstari wa kwanza kabisa wa daftari ni wako, kwa kuwa bado umeandikishwa hapa. Nimekuwekea vema bila kubisha hodi. Mkataba wako unaisha Oktoba, kura ni tarehe 18 Novemba, na uliahidi kwamba siku hiyo utasimama mbele yangu kwenye foleni ili nisipate nafasi ya kumfundisha msimamizi wa kituo kazi yake. Ahadi hiyo naitunza kuliko cheti changu cha shahada, na unajua ninavyokitunza.

Wako,
Hoja

*

Tarehe 14 Agosti

Hoja,

Barua yako imevuka mto ndani ya kikapu cha mama mjamzito, maana hapa kivuko kikileta mtu ndipo kinaleta na posta. Alijifungua kabla sijaifungua bahasha. Ni msichana. Usiseme sikujali, nilikupa nafasi ya pili.

Kumbe Mwalimu amekupa kazi ya kunyamaza. Mwanamke yule hajawahi kuogopa kitu.

Huku vitanda ni vilevile sita. Mwenzangu amehamishwa mwezi uliopita, kwa hiyo wakunga sasa tuko mmoja. Mto ukijaa, kivuko hakivuki, na wanaosubiri ng'ambo wanasubiri na matumbo yao. Daraja limeahidiwa na wabunge watatu mfululizo. Wa mwisho alikuja hadi na mchoro wake. Umetundikwa mapokezi, na wagonjwa wanapenda kuutazama kwa sababu una rangi nzuri.

Nimepaka rangi chumba changu. Nimenunua pazia, na kitanda kwa fundi wa hapa. Kimetoka kipana kuliko nilivyoagiza. Fundi anasema alipima chumba akasahau kunipima mimi.

Kuna mama mmoja ameniuliza swali, nikamwambia nitalifikisha kwa mtaalamu. Alikuja huku kwa muda tu. Kadi yake ya kura bado ni ya kule alikotoka, waliko watu wake, na siku za kuhamisha majina zinakaribia kwisha. Anauliza hivi: kura ya mtu ni ya wapi, kule anakopendwa au hapa alipo? Mjibu vizuri, Hoja. Usimjibu haraka.

Msalimie Mama mkwe. Mwambie gauni alilonishonea bado linanitosha, kwa shida.

Mkunga

*

Tarehe 22 Agosti

Mkunga wangu,

Mwambie huyo mama kwamba swali lake ni bora kuliko yote niliyoulizwa mwezi huu, na kwamba jibu lake, ukiliangalia bila machozi, ni moja tu.

Kura si picha ya ukutani ya watu tunaowapenda. Kupenda kuna vyombo vyake: kuna barua, kuna dua, kuna kumbukumbu. Kura ni chombo cha kazi, kama jembe, na jembe halilimi shamba usilolikanyaga. Anayepiga kura mahali asipoishi anawachagulia wenzake mzigo ambao yeye hataubeba. Ni kama mgeni anayeonja mchuzi, akaongeza chumvi, kisha akaaga. Kura ya mtu ni ya pale ambapo shida huamka pamoja naye asubuhi. Kama shida za huyo mama zinaamka ng'ambo ya mto wenu, basi jina lake livuke.

Utaniambia: na watu wake je? Nimelifikiria hilo. Wanaompenda kwa kweli hawatamdai kura. Na ikiwa kuna mtu huko anamsubiri, naye atakasirika kwa kuona jina limehama, basi mtu huyo anapenda kuwa na mke kuliko anavyompenda huyo mke. Asimwonee huruma.

Nimeisoma hoja hii kwa kinyozi. Hakupata pa kuishika. Ananyoa huku akitikisa kichwa, jambo la hatari kwa wateja.

Kuhusu kitanda: ukiondoka Oktoba utamwachia nani?

Wako,
Hoja

*

Tarehe 9 Septemba

Hoja,

Nimeisoma barua yako mara tatu, ya tatu nikiwa nimekaa kivukoni. Umeshinda. Nami sikupata pa kuishika.

Yule mama amefanya ulivyosema. Alikwenda ofisi ya uandikishaji jana, siku ya mwisho. Alitoka na macho mekundu kidogo, lakini anakushukuru kwa kulichukulia swali lake kwa uzito.

Natamani siku moja ushindwe, hata mara moja tu.

Mkunga

*

Tarehe 30 Septemba

Mkunga wangu,

Nafurahi kwa ajili ya yule mama. Angalau kuna mlango mmoja duniani niliofika na hoja yangu ikazaa kitu.

Huku zimebaki siku thelathini na moja mkataba wako uishe. Mama ameitoa cherehani yake chumba cha pili akaipeleka sebuleni karibu na dirisha. Anasema ni kwa ajili ya mwanga. Mimi na yeye tunajua chumba cha pili kinafanyiwa nafasi ya nani, ila hakuna anayelitaja, kama vile mtu asivyohesabu vifaranga kwa sauti.

Nina la kuungama. Unamjua Bibi wa ghorofa ya nne, aliyekuwa akitupigia kelele tukiteleza kwenye vyuma vya ngazi. Hajakanyaga chini tangu lifti ife. Nilimuuliza swali letu, na kabla hajavuta pumzi nikamjibia mwenyewe: "Bila shaka ni lifti." Nikamfafanulia sheria ya majengo ya jiji na wajibu wa halmashauri kwa dakika arobaini. Akanipa maji ya kunywa. Nikamwekea vema.

Mwalimu alipoliona daftari akauliza, "Huyu alisema nini?"

"Alikubali."

"Sikuuliza kama alikubali, mwanangu. Nimeuliza alisema nini."

 Akaichukua kalamu yangu, akaizungushia vema ile duara. "Unashinda ubishi kila ghorofa," akasema, "ila ubishi haupangi foleni."

Bado sijarudi kwa Bibi. Nitarudi.

Kuna jambo jingine dogo. Kila nikishuka napita mlango namba sita, mlikokuwa mkiishi kabla wazazi wako hawajahama. Wapangaji wapya ni msalaba mtupu. Waliniambia wazi siku ya kwanza. Hata hivyo nimekwisha kubisha hodi pale mara nne. Sina la kuwaeleza. Kitasa ni kilekile tu, kile ulichokuwa ukikishika kwa mkono wa kushoto huku umekumbatia vitabu, ukinisubiri nimalize kubishana na kaka yako ili twende shule.

Wako,
Hoja

*

Tarehe 17 Oktoba

Bi Mkunga,

Jana daftari la wapiga kura lilibandikwa kwenye ukuta wa shule ili kila mtu ahakiki jina lake. Nilikwenda kunakili majina ya milango yangu. Nilianza na lako, na hilo halikuwa kwa ajili ya kazi.

Halikuwepo. Nilidhani ni kosa la uchapaji, nikapanga hoja tatu za kumkabili karani. Karani ni mtu mpole. Alifungua orodha ya waliohama, akashusha kidole, akasema, "Huyu kahama mwenyewe, kaka. Tarehe nane Septemba. Sahihi yake hii hapa." Ilikuwa yako. Ile herufi ya mwisho inayopanda kama ngazi.

Barua yako ni ya tarehe tisa Septemba. Inasema "jana".

Kwa hiyo yule mama ni wewe. Na yule mtu anayependa kuwa na mke kuliko anavyompenda mke, ambaye nilishauri asionewe huruma, ni mimi.

Mama hajui. Anashona.

Niambie neno moja tu: unarudi au hurudi.

Hoja

*

Tarehe 29 Oktoba

Hoja wangu,

Nilikudanganya, na sitalipaka rangi jambo hilo. Hakukuwa na mama mwingine.

Mwezi wa Julai mganga mkuu aliniomba niongeze miaka miwili. Sikukuambia. Nilijua ungebisha, na ungeshinda, nami ningerudi nyumbani nikiwa mtu aliyeshindwa. Sikutaka kuja kukaa nawe chumba cha pili nikiwa hivyo. Nikakuuliza kwa njia ambayo wewe hujibu ukweli, yaani kama jambo la mtu mwingine.

Sasa nisikilize, kwa kuwa huwezi kunikatiza. Nilitaka uniambie kura ni ya kule anakopendwa. Ungeandika hivyo, hata vibaya, hata bila sababu, ningepanda basi mwezi huu. Nilikaa kivukoni na barua yako natafuta sentensi moja inayoniita. Sikuiona. Zote zilikuwa sahihi.

Wiki ile mto ulikuwa umejaa. Mama mmoja alikaa ng'ambo tangu asubuhi hadi jua linapinda. Nilikuwa namwona. Nilisimama upande huu na glavu mkononi, yeye upande ule ameketi chini na dada yake anampepea, na katikati yetu maji. Yaliyofuata sitayaandika. Atakayechaguliwa ubunge huku ndiye wa kuulizwa kuhusu daraja, na nilitaka niwe na haki ya kumuuliza nikiwa mtu wake, nisiambiwe mimi mpita njia. Hayo ni maneno yako, Hoja. Nimeyavaa tu.

Unauliza narudi au sirudi. Umeniwekea visanduku viwili kama karatasi ya kura. Lakini tazama barua yako ya tarehe tatu Agosti. Uliniwekea vema bila kubisha hodi, ukaniandikia ukidhani ni mahaba. Umeuliza milango mia moja na kumi na miwili jambo linalowakera. Mimi hukuniuliza, wala si mwaka huu tu.

Mwambie Mama wewe mwenyewe. Asisikie kwa kinyozi.

Mkunga

*

Tarehe 21 Novemba

Mkunga,

Nilimwambia Mama siku barua yako ilipofika. Hakuinua macho kwenye kitambaa. Alishona mshono ule hadi mwisho, akakata uzi kwa meno, akasema, "Sasa unachemsha chai, au unakaa hapo kama kabati?" Nilipoleta chai akasema, "Mwambie mkwe wangu kwamba mimi sijakasirika. Umbali nimeukasirikia." Cherehani bado iko dirishani. Hajairudisha chumba cha pili.

Mwalimu ameshinda, kwa tofauti ya kura hamsini na tatu, bila yako na bila ya Bibi wa ghorofa ya nne. Hilo la Bibi lazima nikusimulie.

Asubuhi ya kura mimi na kinyozi tulimkalisha kwenye kiti cha mbao tukamshusha ngazi sabini na mbili. Sikuwa nimerudi mlangoni kwake kama sheria inavyotaka. Nilidhani kumbeba kunatosha. Njia nzima alitushika vichwa kama mtu apimaye matikiti. Alipiga kura, tukaanza kumpandisha, na tulipofika ghorofa ya tatu akaniinamia sikioni.

"Mwanangu, usinichukie. Nimempa yule mwingine."

Kinyozi nusura aachie kiti. "Bibi," akasema, "hilo ungetuambia tukiwa bado chini."

Nilikuwa na la kusema, Mkunga. Nilikuwa na mengi. Sijui ni ngazi zilizonimaliza pumzi au ni barua yako iliyokuwa mfukoni, lakini nilimuuliza kwa nini, kisha nikanyamaza. Akasema hivi: "Wewe ulinieleza lifti. Yule kijana wao aliniuliza. Nikamwambia, lifti siitaki ya kushukia, mimi niende wapi? Nilitaka ya watu kupandia. Zamani walikuwa wakija kunitazama. Siku hizi ngazi zinawachosha. Basi yule kijana akavuta kiti, akakaa."

Tulimfikisha. Kinyozi akateremka kwenda zake. Mimi nilivuta kiti.

Mwalimu ananitaka niendelee na milango ileile, safari hii kwa ajili ya ofisi ya diwani: kusikiliza, kuandika, kurudi na majibu. Nimekubali kwa mwaka mmoja. Niliwaahidi watu kwa mdomo huu, na shida zao sasa zinaamka nami. Unaona kwamba nami nimevaa vazi nililolishona kwa ajili ya mama asiyekuwepo, na linanibana palepale linapokubana wewe.

Ungekuwa kwenye simu ningekuambia nilikuwa na haki. Nilikuwa nayo. Nimeisoma upya barua ile ya Agosti nikiitafuta sentensi uliyoitafuta wewe, na ni kweli, haimo. Ilikuwapo kichwani. Niliiona ni dhaifu, isiyo na ushahidi, nikaiacha nje. Sentensi yenyewe ilikuwa: njoo.

Siiandiki sasa ili ikushinde. Naiandika ili ujue ilikuwepo.

Jioni hii nimefungua ukurasa wa kwanza wa daftari, nikaifuta vema iliyokuwa kwenye mstari wako. Karatasi imechubuka kidogo, lakini nafasi ni tupu.

Hodi. Ni jambo gani linalokukera zaidi?

Nimenyamaza.

Hoja

*

Tarehe 3 Desemba

Hoja,

Karibu. Umechelewa, lakini umebisha vizuri.

Ningeweza kukujibu ni daraja. Mbunge mpya alikuja wiki iliyopita kushukuru. Nilimuuliza mbele ya watu, nikiwa na kadi yangu mkononi, daraja linaanza mwezi gani. Akasema linafanyiwa upembuzi. Dada wa yule mama wa ng'ambo alikuwa amesimama karibu yangu, naye akauliza, "Upembuzi ndio mwezi wa ngapi?" Watu walicheka, yeye hakucheka. Tutamuuliza tena. Hilo linanikera sana, lakini umeuliza linalonikera zaidi.

Linalonikera zaidi ni kwamba kitanda ni kipana. Nalala ukingoni kama mgeni, na asubuhi shuka la upande wa ukutani limenyooka vilevile nilivyolitandika. Gauni la Mama lina kifungo kimoja mgongoni ambacho siwezi kukifikia. Namwomba mgonjwa anifunge. Halafu kuna hili, ulitunze wala usilitumie dhidi yangu hata siku moja: nilikukataza kunikatiza, na sasa nafika mwisho wa kila sentensi salama, na sipapendi ninapofika.

Sijui kama nitarudi. Nikisema ndiyo nitakuwa nakudanganya mara ya pili, na nikisema hapana pia. Usiniandikie hoja. Usiniwekee vema, wala usiniwekee msalaba kwa hasira.

Niwekee duara. Sheria ya mlango wenye duara unaijua.

Kivuko cha kwanza huvuka saa mbili asubuhi, mto ukiwa umetulia.

Mkunga